Kiingilio kiwe shilingi ngapi? Mwongozo wa kupanga bei ya tiketi za mechi Unguja na Pemba

Kila msimu ukikaribia, swali ni lile lile. Katibu wa klabu anapiga simu kutoka Wete, mwandaaji wa ndondo ananisimamisha Darajani nikiwa na mfuko wa samaki mkononi: "Tuweke elfu moja au elfu mbili?" Nami humuuliza: mechi gani, siku gani, saa ngapi, na nani anakaa wapi? Hapo mtu hununa, maana alitaka nambari tu. Basi nimeandika yote pahala pamoja, ili nambari muitafute wenyewe.

Nilikaa misimu minne kwenye kamati ya fedha ya klabu moja ya ligi. Mengi ya makosa yaliyomo humu niliyafanya kwa mkono wangu kwanza.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Daftari la getini la msimu uliopita, mechi kwa mechi: tiketi ngapi, bei gani, siku, saa, mpinzani, mvua au jua. Huna? Anza na mechi ijayo. Kitabu cha shilingi elfu moja kitakufaa kuliko maneno ya wazee wote wa maskani.
- Idadi ya kweli ya watu wanaoingia kila upande wa uwanja. Nenda ukahesabu. "Huwa panajaa" si idadi.
- Mgawanyo wa mapato kwa maandishi: uwanja unachukua nini, shirikisho linachukua nini, nani analipa waamuzi, askari na gari la wagonjwa. Muhimu zaidi, jua kama uwanja unachukua kodi maalumu (kiasi kile kile, waje wengi au wachache) au asilimia ya kila tiketi. Utaona sababu huko chini.
- Ratiba ya ligi, kalenda ya Kiislamu, na ratiba ya ligi ya Uingereza. Ndiyo, ya Uingereza.
- Chenji.

Hatua ya 1: Weka gharama pembeni

Hapa ndipo karibu kila mtu anapoanza vibaya. Kamati inakaa, inajumlisha: boti ya timu, chakula, jezi, posho, jumla milioni mbili. Mmoja anasema, "Tukipata watu elfu moja, kila mtu elfu mbili, tumetoka." Wote wanatikisa kichwa, bei imepatikana.

Hiyo ni bei ya shida zenu. Mtu aliyekaa barazani Mtoni hajui boti imegharimu kiasi gani, na hata akijua hatokuja kwa kuwaonea huruma. Anapima mchezo na elfu mbili yake, basi. Zaidi ya hapo, gharama nyingi za mechi mmeshazibeba kabla geti halijafunguliwa. Waamuzi ni wale wale wakija watu mia au watu elfu. Mtu mmoja zaidi akiingia na kukaa penye nafasi, gharama yake kwenu ni karibu na sifuri, na filimbi ya mwisho ikishalia kiti kilichokuwa kitupu hakiuziki tena. Ni kama samaki wa jana sokoni.

Kwa hiyo swali ni moja: bei ipi italeta pesa nyingi kutoka kwa watu wanaoweza kuja? Gharama zitakwambia kama mechi ina faida au hasara. Bei hazikupangii.

Hatua ya 2: Jua kitakachowaleta na kitakachowazuia

Kaa na daftari lako uangalie mambo haya.

Mpinzani. KMKM, JKU, Mlandege au Malindi hawaleti umati mmoja na timu iliyopanda daraja juzi. Mlandege waliochukua Kombe la Mapinduzi 2023 na 2024, la pili kwa kuwafunga Simba bao moja kwa sifuri, ni bidhaa nyingine kabisa na Mlandege wa miaka ya nyuma. Jina ni lile lile, thamani ya tiketi siyo.

Uzito wa mechi. Mwaka 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa uwanja wa Gombani, Pemba, kwa timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakalibeba kwa kuwafunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Ukichukua bei ya fainali kama ile ukaipeleka kwenye mechi ya ligi ya Jumatano, utacheza mbele ya mapolisi na kunguru.

Saa na mpinzani asiyeonekana. Mechi nyingi za mchana za ligi ya Uingereza huanza saa 11 jioni au saa 12 jioni kwa saa zetu, kutegemea majira yao. Mechi yako ya saa 10:15 Jumamosi ikikaribia mapumziko, vijana wanaanza kuangalia simu. Kibanda cha mpira kinawangoja kwa bei ya chini na feni juu. Huyo ndiye unayegombea naye shabiki, na hakai kwenye msimamo wenu wa ligi.

Pesa mfukoni. Mwisho wa mwezi na katikati ya mwezi ni watu wawili tofauti ndani ya mwili mmoja. Pemba kuna msimu wa karafuu, na hapa wengi hukosea. Husema, "Karafuu zimetoka, watu wana pesa, pandisha." Pesa zipo, lakini watu hawapo. Mchana wako juu ya mikarafuu, jioni nyumba nzima imekaa kwenye jamvi inachambua. Ukitaka pesa ya karafuu, ingoja karafuu zikauke ziuzwe, au weka mechi Ijumaa jioni.

Ramadhani mechi ya jioni usiiwaze. Sikukuu nayo ina viwanja vyake, na baba aliyekwisha kununulia watoto watano pembea na lambalamba hana tena elfu mbili ya jukwaa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bei tatu

Nambari zifuatazo ni za mfano, weka za kwako. Tuseme kwa kuangalia daftari na kuuliza watu (uliza "ungekuja kwa bei hii?", usiulize "bei gani nzuri?", maana kila mtu atasema bure) umekadiria hivi:

- Kwa 1,000 watakuja 1,800. Mapato 1,800,000.
- Kwa 2,000 watakuja 1,100. Mapato 2,200,000.
- Kwa 3,000 watakuja 600. Mapato 1,800,000.

Elfu mbili imeshinda. Angalia pia kwamba elfu moja na elfu tatu zimeleta pesa sawasawa, ila moja imekuletea watu 1,800 wa kupiga kelele na nyingine 600. Nani angechagua 600? Nimeshawahi kuona kamati ikichagua, kwa sababu "bei ndogo inatudhalilisha".

Sasa ongeza vitu vya ndani: maji, juisi ya miwa, karanga, mihogo, maegesho. Ikiwa klabu inabakiwa na faida ya shilingi 300 kwa kila kichwa, bei ya 1,000 inakuwa 2,340,000 na ya 2,000 inakuwa 2,530,000. Bado elfu mbili. Faida kwa kichwa ikifika 700, elfu moja inakuwa 3,060,000 na elfu mbili 2,970,000. Bei ya chini imepita mbele.

Ndiyo maana wachumi waliopima timu za Marekani mara nyingi wamekuta tiketi ziko chini kuliko bei ambayo ingeleta pesa nyingi zaidi getini peke yake. Mwenye uwanja kule anauza bia, mkate wa soseji, kofia na maegesho. Anamtaka mtu ndani kwanza. Nawe kama vibanda ni vyako, shusha. Kama vibanda ni vya mtu mwingine asiyekulipa kitu, simama kwenye hesabu ya tiketi, au nenda kajadiliane naye kabla ya msimu.

Na lile suala la asilimia: uwanja ukichukua asilimia ya tiketi lakini haugusi vibanda vyako, una sababu nyingine ya kushusha kiingilio ukajaza watu. Ukichukua kodi maalumu, haibadilishi bei yako hata kidogo, kwa sababu ile ya Hatua ya 1.

Hatua ya 4: Gawa uwanja kwa kivuli

Bei moja kwa uwanja mzima ni hasara ya pande mbili. Mfanyabiashara aliyekuwa tayari kutoa 5,000 ametoa 2,000, na kijana mwenye 1,000 amebaki juu ya ukuta.

Rudi kwenye mfano. Tuseme katika wale 1,800 wapo 150 ambao wangelipa 5,000 kwa pahala pazuri. Wape jukwaa: 750,000. Waliobaki 1,650 kwa elfu moja: 1,650,000. Jumla 2,400,000, imeipita ile ya elfu mbili kwa wote, na uwanja una watu 700 zaidi.

Lakini lazima jukwaa liwe na kitu cha kweli cha kununua, la sivyo wale 150 watakwenda mzunguko, kwenye nafasi za bei ya chini, na kukuachia viti. Kwetu kitu hicho, mara tisa kwa kumi, ni kivuli. Saa 10 jioni jua liko magharibi. Upande ambao mgongo wake uko magharibi una kivuli, upande wa pili watu wamefunika macho kwa mikono mpaka kipindi cha pili. Simama uwanjani mwenyewe saa 10:15 uone kivuli kinaishia mstari gani. Nilifanya hivyo kwenye kiwanja kimoja cha ndondo, na tukagundua kuwa miaka yote "VIP" ilikuwa upande wa jua, kwa sababu tu ndipo mlango wa gari ya mgeni rasmi ulipo. Tukahamisha viti vya plastiki. Msimu ule jukwaa lilianza kujaa.

Mechi ya usiku, kivuli hakina bei. Hapo unauza paa kama ni msimu wa mvua, utulivu, choo safi, na ukaribu na mstari wa kati. Punguza tofauti ya bei kati ya jukwaa na mzunguko, usinakili ya mchana.

Tumia majina watu wanayoyajua. Uwanja wa Amaan, Unguja, mtu hakwambii "eneo C". Atataja pande zake: Orbit, Urusi au Saa. Tenga pia upande wa familia, wenye geti lake, mtoto akiingia bure na mzazi. Wanawake wengi hapa hawaji mpirani kwa sababu ya msukumano wa getini kuliko kwa sababu ya bei, na mama akija haji peke yake.

Hatua ya 5: Panga mechi kwa madaraja, utangaze mapema

Madaraja matatu yanatosha: kubwa, ya kawaida, ndogo. Tangaza kabla ya msimu mechi ipi iko wapi.

Huko San Francisco, timu ya besiboli ya Giants ilijaribu mwaka 2009 bei zinazopanda na kushuka kila siku kwenye sehemu ndogo ya viti, na 2010 ikaeneza uwanja mzima. Mrusha mpira nyota akipangwa, bei inapanda. Hali ya hewa ikiharibika, inashuka. Ni kitu kizuri kwa wenye mashine na wenye mashabiki wanaonunua wiki tatu kabla. Sisi tunanunua tukitoka kuswali alasiri. Bei ikibadilika kati ya asubuhi na alasiri utaitwa mwizi, na kwa lugha nzito zaidi. Madaraja yaliyotangazwa mapema yanakupa sehemu kubwa ya faida hiyo bila ugomvi.

Mechi kubwa kupita kiasi zina hesabu yake. Mei 2025 Simba walicheza na RS Berkane ya Morocco mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika pale Amaan, uwanja wa watu kama 15,000, badala ya Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam wenye viti kama 60,000. Viti vikipungua kiasi hicho na wanaovitaka ni wale wale, kila shilingi unayoiacha chini ya bei ambayo watu wako tayari kutoa inaokotwa na mlanguzi nje ya geti. Unaweza kuamua kuiacha makusudi ili mwenye kipato kidogo aingie. Ni uamuzi wa heshima, lakini basi dhibiti idadi ya tiketi kwa mtu mmoja, la sivyo umemsaidia mlanguzi.

Hatua ya 6: Bei ifuate noti

Hii hamuikuti kwenye kitabu. Msimu wangu wa pili tulipatana kiingilio 1,500. Kwenye karatasi ilikuwa bei safi kabisa. Siku ya mechi, saa 10:05, foleni ilikuwa imefika barabarani. Kila mtu ana noti ya elfu mbili, nami nina kopo la maziwa lenye sarafu za mia tano ambazo zilikwisha kwa watu sitini wa mwanzo. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua akanishika mkono taratibu: "Mwanangu, mia tano yangu utanipa leo au akhera?" Nyuma yake wanasukuma. Bao la kwanza lilifungwa nusu ya watu wakiwa nje, na vijana wakalivuka geti. Tuliuza tiketi mia nne. Ndani walikuwa wengi mno kuliko hao.

Weka 1,000, 2,000, 5,000 au 10,000. Ukilazimika kuweka 3,000, iuze kwa simu au kadi, si getini. Kadi na malipo ya simu vinaondoa chenji na vinakupa hesabu isiyobishaniwa, lakini jaribu mtandao wa pale getini siku moja kabla, saa ile ile.

Hatua ya 7: Uza mapema, na usishushe kamwe

Atakayenunua mapema apate nafuu: jukwaa 4,000 mpaka jana yake, 5,000 siku ya mechi. Uza penye watu, duka la jezi, kinyozi, kituo cha daladala. Kadi ya msimu ni nzuri zaidi, maana inaleta pesa kabla ya gharama. Iweke chini ya jumla ya mechi zote. Kwa mechi 15 za nyumbani, bei ya mechi 10 inavutia.

Onyo kubwa: usishushe bei saa za mwisho, na usigeuze "fungulia mbwa" kuwa desturi. Geti likifunguliwa bure dakika ya 60 mechi tatu mfululizo, ya nne watu watakaa nje wakinywa kahawa mpaka dakika ya 60. Umewafundisha mwenyewe. Ukitaka kuwafadhili watoto, wape nafasi yao maalumu tangu mwanzo, kupitia skuli zao.

Hatua ya 8: Funga hesabu usiku ule ule

Tiketi zilizotoka kwenye kitabu, tiketi zilizobaki, pesa. Watu wawili wanahesabu, wa tatu anaandika. Andika pia hali ya hewa. Tiketi za bure ziandikwe kama tiketi: "huyu ni mtu wetu" arobaini kwa bei ya jukwaa ni 200,000 iliyopotea bila kuonekana.

Ukikwama

*Watu wamepungua baada ya kupandisha bei.* Usiogope mara moja. Zidisha. Wakipungua kwa sehemu ndogo kuliko bei ilivyopanda, bado umepata zaidi. Lakini angalia tena mechi ya tatu, maana aliyezoea kubaki nyumbani harudi haraka.

*Mashabiki wanalalamika jukwaa ni ghali.* Kama linajaa, ni malalamiko ya kawaida. Kama ni wale wa mzunguko wanaolalamika, sikiliza. Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka Anfield dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77. Timu yao ilikuwa inaongoza 2-0 dhidi ya Sunderland, ikamaliza 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuuondoa mpango. Tiketi za bei hiyo zilikuwa chache. Kilichowauma watu ni kuona klabu inaelekea wapi.

*Jukwaa tupu, mzunguko umejaa.* Tofauti ya bei ni kubwa mno au jukwaa halina kivuli. Nenda saa 10:15.

*Mvua imevunja mechi.* Tangaza kabla ya msimu kwamba tiketi inatumika siku ya marudio, na iandikwe nyuma ya tiketi. Usirudishe pesa taslimu getini kwenye mvua. Nimejaribu, na waliokuja kudai walizidi walionunua.

*Tiketi feki.* Badilisha rangi ya karatasi kila mechi, na rangi asiijue mtu mpaka asubuhi ya mechi, akiwemo mwenyekiti.